Kitoda: lugha iliyokata mikia ya maneno

Kiswahili hulivika irabu kila neno geni linalobisha hodi. Kitab ya Waarabu ikawa kitabu, daftar ikawa daftari, samak akawa samaki. Waingereza walipoleta bank na bus, tukazipokea kama benki na basi. Neno likikomea kwenye konsonanti tupu, masikio yetu hayatulii mpaka lipate mkia.

Kusini mwa India, juu ya milima ya Nilgiri, kuna lugha iliyokwenda njia ya kinyume kabisa. Kitoda kimeyachukua maneno ya ukoo wake wa Kidravidi na kuyakata mikia. Fedha kwa Kitamil ni kaasu, kwa Kitoda ni koos. Nne kwa Kitamil ni naanku, kwa Kitoda ni noong. Sita ni aaṟu huko, ooṟ huku. Nimerudia irabu kuonyesha urefu, kama tunavyofanya katika kaa na paa. Alama zilizo chini ya herufi nitazieleza zamu yake ikifika.

Ukataji huo ndio ufunguo wa karibu kila kitu kinachofanya Kitoda kitajwe darasani popote fonetiki inapofundishwa: s za aina nne, r za kimadende, yaani za kutetemesha ulimi, za aina tatu ambazo zikihesabiwa vizuri ni sita, irabu kumi na sita, na l zisizotetemesha koo. Wengi huzitaja sauti hizi kama vituko, kama mtu anayewaonyesha wenzake ndama mwenye vichwa viwili. Mimi naona ni hesabu iliyolipwa. Irabu za mwisho zilipoanguka, zilikuwa zimebeba mzigo wa maana, na konsonanti zilizobaki nyuma zikalazimika kuutwika mzigo huo.

Wenyewe na mahali pao

Nilgiri ni uwanda wa juu katika jimbo la Tamil Nadu, wenye nyasi na misitu ya mabondeni, na kilele chake kirefu, Doddabetta, kina mita 2,637. Mji mkuu wa huko ni Udhagamandalam, ambao Waingereza waliuita Ootacamund na watalii wanauita Ooty. Leo nyasi nyingi zimemezwa na chai na mikaratusi.

Watoda ni kama elfu mbili tu. Sensa ya mwaka 1901 ilipata takriban 800 tu, kwa hiyo uchache wao si jambo la jana. Kiasili ni wafugaji wa nyati wa kufugwa, na dini yao imejengwa juu ya maziwa: kuna vibanda vitakatifu vya kuhifadhia na kusukia maziwa, na wanaovihudumia wana cheo cha kikuhani. Jirani zao wa kale ni Wakota, wahunzi, wafinyanzi na wapiga ngoma, Wabadaga, wakulima, na Wakurumba, watu wa msituni. Kwa vizazi vingi walibadilishana bidhaa: samli kwa nafaka, nafaka kwa vyungu na visu. Kila kundi lina lugha yake ya Kidravidi, na zote zinasikika tofauti kabisa ingawa milima ni ileile.

Ndugu wa karibu zaidi wa Kitoda ni Kikota, na hapa pana jambo la ajabu kidogo. Kikota nacho kimekata mikia, ila irabu za ndani kimeziacha zilivyo. Maziwa kwa Kitamil ni paal. Kwa Kikota ni paal vilevile. Kwa Kitoda ni poos̱. Nne kwa Kikota ni naang, kwa Kitoda noong. Ukiona aa ya Kitamil, tarajia oo ya Kitoda. Kanuni hiyo pekee itakufungulia maneno mengi. Lakini l ya maziwa kugeuka s? Hapo ndipo tunapoingia jikoni.

S nne

Hizi hapa, kama zinavyoandikwa na wataalamu:

koos, fedha
poos̱, maziwa
pooš, lugha
pooṣ, jina la mahali

Tazama tatu za mwisho. Zinaanza sawa, irabu ni ileile, urefu ni uleule. Kinachotenganisha maziwa na lugha, na lugha na jina la mahali, ni namna ulimi unavyolala katika sehemu ya mwisho kabisa ya neno. Mzungumzaji wa Kiswahili ana s na sh, basi. Atasikia koos na pooš bila taabu, halafu poos̱ na pooṣ zitampotea. Atasema zote ni sh. Ni kosa la kawaida, na dawa yake haiko sikioni. Iko kinywani, kwa hiyo tuanzie huko.

S ya kwanza ndiyo ya "sasa". Wasemaji wengi wakiitamka, ncha ya ulimi hukaa chini, nyuma ya meno ya chini, na bapa la ulimi ndilo linalobana hewa karibu na meno ya juu na ufizi. Iache hivyo. Hiyo ni koos.

Kwa s ya pili, inua ncha. Ilete kwenye ufizi, nyuma kidogo ya pale ulipozoea, kisha bana hewa kwa ncha yenyewe huku bapa likishuka. Sauti inakuwa butu kidogo, kama s iliyopoteza makali lakini haijawa sh. Hiyo ndiyo s̱ ya maziwa. Kinachoharibika hapa mara nyingi ni kwamba bapa nalo linapanda pamoja na ncha, au midomo inajiviringa. Vyote viwili vinakutupa kwenye sh, na sasa badala ya maziwa umetaja lugha.

Ya tatu ni sh ya "shamba": ncha chini tena, bapa na mgongo wa ulimi vikiinuka kuelekea kaakaa gumu. Ya nne inataka mazoezi. Pinda ncha ya ulimi kwenda juu na nyuma mpaka upande wake wa chini utazame kaakaa, nyuma ya ufizi, kisha acha mwanya mwembamba hewa ipite. Ukipinda mno utaziba njia na kutoa kipasuo, yaani sauti ya hewa iliyozibwa kisha ikaachiwa ghafla, ile ṭ unayoisikia Wagujarati wa Mombasa au Zanzibar wanapotamka roti. Ukipinda kidogo mno utarudi kwenye s ya pili.

Kwa nini masikio yanachanganyikiwa ilhali kinywa kinafanya mambo manne tofauti? Sauti ya s inapata rangi yake kutokana na ukubwa wa uwazi ulio mbele ya mbano. Mbano ukiwa karibu na meno, uwazi ni mdogo na mlio ni mwembamba, nguvu yake ikiwa juu ya hertz 5,000. Ulimi ukirudi nyuma, uwazi unakua, tena chini ya ulimi uliopindwa kunazaliwa chumba kingine kidogo cha hewa, na mlio unashuka. Kwa s ya kupinda unaweza kufika karibu na hertz 3,000. Kati ya ncha hizo mbili kuna s̱ na š, na tofauti yao si ya kimo cha mlio peke yake. Ipo pia katika irabu iliyotangulia, kwa sababu š huivuta irabu kuelekea i inapoishia, na s̱ haifanyi hivyo. Anayesikiliza s tu, bila kusikiliza jinsi oo inavyofika mwisho, anajinyima nusu ya ushahidi.

Turudi kwa l ya paal. Kitoda kina l za kawaida, na pia kina vitambaza visivyo ghuna: ulimi unakaa mahali pa l, koo halitetemi, na hewa inapita pembeni kwa mkwaruzo. Msomaji wa Tanzania anayo sauti hiyo nyumbani. Wairaqw wa Mbulu huiandika sl, kama katika slee, ng'ombe. Ukiweza kutamka slee kama Mwiraqw, umeshapata kitambaza kikwamizi, yaani l ya mkwaruzo, cha Kitoda. Kitoda kinayo ya ufizi na pia ya kupinda ulimi, na hii ya pili ni adimu sana duniani. Jina la Watoda wenyewe linaishia kwa l ya namna hii, neno la ukoo mmoja na aaḷ ya Kitamil, yaani mtu. Sasa chukua l inayokwaruza, ishushe katikati ya ulimi mwanya ufunguke pale badala ya pembeni: umepata s ya ncha. Kwa hiyo l kuwa s̱ katika neno la maziwa ni hatua fupi kwa ulimi, hata kama kwenye karatasi inaonekana ni kuruka mto.

R tatu, au sita

Lugha nyingi za dunia zinaridhika na r moja. Kuna zenye mbili, kama Kihispania, ambacho hutofautisha r ya pigo moja na r ya kutetema. Kitoda kina vimadende vitatu, vyote vya ulimi, na vinatofautishwa kwa mahali tu:

kar, pindo la nguo
kaṟ, maji ya tunda au mmea
kaṛ, zizi la ndama

Ya kwanza ni ya mbele, karibu na meno. Ya pili ni ya ufizi, nyuma zaidi. Ya tatu ni ya kupinda ulimi.

Asili yake ni ya zamani sana. Lugha mama ya Kidravidi ilikuwa na r, ilikuwa na kipasuo cha ufizi ambacho kati ya irabu kilielekea kuwa r nyingine, na ilikuwa na ṭ ya kupinda. Mwandiko wa Kitamil bado una herufi mbili za r, ர na ற, ingawa wasemaji wengi wa leo wanazitamka sawa. Kimalayalam kimezishikilia: kari ni masizi, kaṟi ni mchuzi, na mpishi hapaswi kuchanganya. Kitoda kimechukua hizo mbili, kikaigeuza na ile ṭ ya kati ya irabu kuwa kimadende, kisha kikakata mkia. Pindo la nguo kwa Kitamil ni karai, neno ambalo pia ni ukingo wa mto. Kitoda kikalifyeka mpaka kar. R ambayo zamani ilikuwa katikati ya neno, imelindwa na irabu pande zote, sasa imesimama peke yake ukingoni. Hapo haina budi kusikika barabara.

Kimadende hakitengenezwi kwa kupiga ulimi kwa misuli. Hakuna msuli wa ncha ya ulimi unaoweza kupiga mara 25 hadi 30 kwa sekunde kwa amri. Unachofanya ni kuilegeza ncha, kuiweka karibu na ufizi kwa umbali unaofaa, na kusukuma hewa. Hewa ndiyo inayoifungua na kuifunga, kama bendera kwenye upepo. Vitu vitatu vinaweza kuiua: ulimi kukaza, mwanya kuwa mpana mno, au pumzi kuwa dhaifu. Mtu anayeshindwa kutoa r ya kutetema kwa kawaida amekaza. Akiambiwa "tetemesha ulimi" anakaza zaidi.

Sasa fikiria r ya kupinda. Ncha iliyopindwa imekazwa tayari, na tumeona kukaza ndiko kunakoua kimadende. Watoda wameutatua mgogoro huu kwa mwendo. Peter Ladefoged, Peri Bhaskararao na Siniša Spajić walizichunguza r hizi kwa vyombo na kuchapisha matokeo mwaka 1996, na picha inayotoka ni kwamba ulimi huanza ukiwa umepindwa, kisha ncha inapofunguka kurudi mbele ndipo inapotetema, sehemu za ufizi. Mpindo uko mwanzoni, mtetemo uko njiani. Kwa hiyo mtu anayejaribu kupinda na kutetema papo hapo anatafuta kitu ambacho Watoda wenyewe hawakifanyi, na atachoka bure.

Matokeo yake kwa msikilizaji: r ya tatu itambue kabla haijatetema. Irabu inayoitangulia huwa inatiwa kivuli, kwa sababu ulimi umeanza kupinda mapema. Kwenye picha ya spektrogramu, mstari wa tatu wa nguvu, ambao wanafonetiki huuita formanti ya tatu, unashuka waziwazi kabla ya kaṛ na haushuki hivyo kabla ya kar. Kati ya kar na kaṟ tofauti ni ndogo zaidi, na hizi mbili ndizo zinazowapoteza wageni kwa muda mrefu. R ya mbele inasikika nyepesi, ya nyuma nzito. Mimi ningemshauri anayejifunza azizoee hizi mbili kwanza, maana ya tatu inajitangaza yenyewe.

Na hizo sita? Kila moja kati ya tatu ina mwenzake aliyelainishwa kwa y. Neno lililokuwa linaishia kwa i au e lilipopoteza mkia, irabu haikuondoka mikono mitupu. Iliacha y ndani ya konsonanti. R na y hazipatani vizuri, kwa kuwa y inataka mgongo wa ulimi upande juu, na mgongo ukipanda ncha inakosa ulegevu. Lugha za Kislavoni zimeupitia mgogoro huohuo: r laini ya zamani ikawa rz ya Kipoland na ř ya Kicheki, Kirusi kikabaki nayo. Kitoda kinazo tatu kwa mpigo.

Irabu zilizoungua kwa joto la jirani

Kitamil kina irabu tano, fupi na ndefu. Kitoda kina nane, fupi na ndefu, jumla kumi na sita. Zile tano tunazijua. Zilizoongezeka ni ü (sema i, kisha viringa midomo kama ya u bila kusogeza ulimi), ö (fanya hivyohivyo kuanzia e), na ï, ambayo ni kama u iliyonyang'anywa midomo. Fupi na ndefu zinafanana kwa sauti isipokuwa e, ambayo ikirefuka inafunguka na kukaribia a.

Chanzo ni kilekile. Chui milia kwa Kitamil ni puli. I ya mwisho, kabla ya kufa, iliivuta u ya mbele yake ikawa ü, ikailainisha na konsonanti iliyokuwa katikati. L nayo ikawa s kama ilivyokuwa kwa maziwa. Tunapata püsy, neno ambalo mtu asiyejua njia iliyopitiwa hatakubali kwamba ni puli. Kila kipande cha puli kimo humo, kimehama chumba tu.

Wabadaga, majirani, wana mkasa wao wa irabu: zilirekodiwa zikiwa na mpindo wa ulimi ndani ya irabu yenyewe, nusu mpindo na mpindo kamili. Hilo ni la makala nyingine.

Aliyesikia kwanza

Daktari W. H. R. Rivers, aliyekaa na Watoda mwaka 1901 na 1902, aliandika kwa kina juu ya koo zao, ndoa na ibada, lakini maneno yao aliyaandika kwa sikio la mtu aliyekuja kwa kazi nyingine. Aliyeishika lugha barabara ni Murray Emeneau, Mkanada aliyezaliwa 1904 Lunenburg, msomi wa Kisanskriti aliyefika Yale na kupita mikononi mwa mwanaisimu Edward Sapir. Alikuwa India kuanzia 1935 hadi 1938, akafanya kazi ya Kitoda, Kikota, Kibadaga, Kikodagu na Kikolami. Alizitenga r tatu na s nne kwa kalamu na masikio. Nusu karne baadaye mashine zikaja zikamthibitisha. Pamoja na Thomas Burrow alitunga kamusi ya asili za maneno ya Kidravidi, toleo la kwanza likatoka 1961. Alifariki 2005 akiwa na umri wa miaka 101.

Alikusanya pia nyimbo nyingi. Mashairi ya Watoda huenda kwa jozi: kila kishazi kina pacha wake, na mtunzi anayetaja kimoja anatarajiwa kumtaja na pacha. Wimbo ni mahali pazuri pa kutafutia maneno yanayotofautiana kwa sauti moja, ila ni mahali pabaya pa kupimia sauti yenyewe, kwa sababu uimbaji hurefusha na kubadilisha silabi. Sauti zipime kwenye usemi wa kawaida.

Kurekodi bila kuharibu

Anayetaka kurekodi lugha yoyote yenye s nyingi, iwe Kitoda au nyingine, aanze kwa kusahau simu. Laini ya simu ya kawaida hupitisha hertz 300 hadi 3,400 hivi. Tumeona nguvu nyingi ya s za Kitoda inaishi juu ya hapo. Ukizipitisha kwenye simu, koos na poos̱ zinatoka zimevaa nguo moja. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp nao hubana faili na kutupa kile ambacho programu inadhani hukihitaji, na kinachotupwa mara nyingi ni cha juu. Rekodi faili la WAV, sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16 au zaidi. Maikrofoni iwe ya kuvaa kichwani, sentimita tano hivi kutoka pembe ya mdomo. Usiiweke mbele ya midomo moja kwa moja; pumzi ya p ya poos̱ itapiga kishindo na kufunika mwanzo wa irabu.

Maneno yasisomwe kama orodha tu. Katika Kitoda, kimadende cha mwisho hupoteza mtetemo wa koo, kwa sehemu au chote, neno likiwa la mwisho au likifuatwa na konsonanti isiyo ghuna. Vikwamizi visivyo ghuna navyo hugeuka ghuna vikiwa kati ya irabu. Ukirekodi neno likiwa peke yake utapata sura moja, ukilitia ndani ya sentensi mbele ya irabu utapata nyingine. Chukua zote mbili. Weka sentensi moja ya kubebea maneno yote, mzungumzaji arudie kila moja angalau mara tatu, na mpangilio uchanganywe ili asianze kuimba orodha. Uchambuzi unafanyika bure kwa programu ya Praat, iliyotengenezwa Amsterdam na Paul Boersma na David Weenink.

Kuona ulimi umegusa wapi hakuhitaji mashine. Changanya unga wa mkaa wa dawa, ule unaoruhusiwa kumezwa, na mafuta ya zeituni, kiasi sawa kwa sawa. Paka ulimi wa mzungumzaji kwa brashi laini: ncha, kingo na bapa. Atamke neno mara moja, afungue kinywa bila kumeza mate, uingize kioo kidogo kwa pembe na kupiga picha ya kaakaa. Palipo na weusi ndipo ulimi ulipogusa. Asukutue kwa maji yenye limau, limau hukata mafuta. Kisha geuza: paka kaakaa, atamke tena, piga picha ya ulimi. Kwa pooṣ na kaṛ mwombe ainue ulimi, maana alama itakuwa upande wa chini, na mpigapicha mwenye haraka atadhani hakuna kitu.

Kosa linaloharibu kazi nzima ni kuchagua neno lenye konsonanti mbili za ulimi. Neno lenye t mwanzoni na s mwishoni litaacha alama mbili juu ya nyingine na hutajua ipi ni ya nani. Tazama tena mifano yetu: koos, poos̱, pooš, pooṣ, kar, kaṟ, kaṛ. Zote zinaanza kwa p au k. P ni ya midomo, k ni ya nyuma kabisa, hazichafui picha ya mbele. Mate ni adui mwingine. Mzungumzaji akingoja muda mrefu mkaa unatiririka na kingo za alama zinafifia, kwa hiyo kamera iwe tayari kabla ya brashi.

Herufi gani?

Kitoda hakina mwandiko wake wa jadi. Watoto wanasoma shuleni kwa Kitamil, na UNESCO imeiorodhesha lugha hii miongoni mwa zilizo hatarini, kwa hiyo swali la herufi si la anasa.

Herufi za Kitamil zinasaidia kuliko mtu anavyotegemea kwa upande wa r: ர kwa kar, ற kwa kaṟ, na ட, ambayo ndiyo mzazi wa r ya kupinda, kwa kaṛ. Lakini hazitofautishi vipasuo ghuna na visivyo ghuna, na Kitoda kina jozi saba za vipasuo: p na b, t na d za meno, ts na dz, t na d za ufizi, ch na j, ṭ na ḍ, k na g. Mwenye masikio ya Kimvita au Kiamu, lahaja za Mombasa na Lamu zenye t ya meno na t ya ufizi, ataelewa kwa nini t mbili zinahitaji herufi mbili. Sisi tumekubali kuandika moja na kumwachia msomaji akisie, kama tulivyokubali kuandika paa ya mnyama sawa na paa la nyumba. Kitoda hakiwezi kumudu ukarimu huo, kwa sababu hakina kiambishi mwanzoni cha kumwokoa msomaji. Sisi tukikosa kuijua paa, "paa huyu" au "paa hili" itatuambia.

Kwa s, Kitamil kina herufi za kukopa kutoka mwandiko wa Grantha, ஸ na ஷ, zinazotosha kwa s na sh na kuacha mbili bila makao. L zisizo ghuna hazina chochote. Ü, ö na ï hazina chochote.

Herufi za Kilatini zenye alama, zile za Emeneau, zinashika kila kitu, lakini simu nyingi haziandiki s yenye kistari chini bila taabu, na alama ndogo ndiyo ya kwanza kudondoka mtu anapoandika haraka. Ningependelea herufi mbilimbili kuliko nukta, kama Wairaqw walivyofanya kwa sl: hl kwa l isiyo ghuna, sh kwa š, ssh kwa s ya kupinda, na ss kwa s ya ncha. Kwa utaratibu huo maziwa yataandikwa kwenye kibodi yoyote: pooss.